Kwa nini redio ya ndege inakwaruza, na ikikatika rubani anafanya nini

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi simu na redio hapa Mwanza. Juzi nilisikiliza mtandaoni mazungumzo ya rubani na mnara wa kuongozea ndege. Sauti ilikuwa inakwaruza, mtu anaongea kama kabanwa pua, na mara moja ulipita mluzi mkali hadi nikavua hedifoni. Hapa mezani nina transmita ya FM ya redio moja ya mtaani, naitengeneza, na sauti yake ni safi kama maji ya mtungini. Kwa nini ndege ya mabilioni inatumia redio ambayo mimi ningeiona mbovu? Na dada yangu hupanda ndege ndogo kwenda Mafia kila mwezi. Redio ikikatika angani, nani anamwongoza rubani?

JIBU: Marahaba, fundi. Nilikuwa mwongoza ndege kwa miaka 26, kwanza mnarani, baadaye kwenye chumba cha rada, na ule mluzi uliokuvua hedifoni naufahamu kama ninavyofahamu mlango wa nyumba yangu. Tuanze nao.

Redio za ndege zinafanya kazi kati ya megahezi 118 na 137, juu kidogo tu ya FM, ambayo inaishia 108. Lakini zinatumia AM, ile ile ya redio za mbao za babu zako. Wewe ni fundi, unaijua tabia ya FM: vituo viwili vikigongana kwenye masafa yale yale, chenye nguvu humeza kinyonge, na msikilizaji hajui kabisa kwamba kuna mwingine alikuwa anaongea. Kwa muziki hiyo ni neema. Sasa chukua marubani wawili waliobonyeza kitufe kwa pamoja. Wa karibu anaomba kushuka. Wa mbali anasema injini yake inawaka moto. Kwa FM ningemsikia wa kwanza peke yake, safi kama maji yako ya mtungini, nikamjibu, nikaendelea na kazi. Wa pili angekuwa ameongea na upepo. Kwa AM mawimbi yale mawili huwa hayalingani sawasawa, na tofauti yao ndiyo inayotoka kwenye spika kama mluzi. Maneno yanaharibika, ni kweli, lakini nimeshajua kwamba walioongea ni wawili, na nitauliza upya.

Sababu nyingine ni kwamba redio ya ndege ni baraza. Simu yako ni watu wawili wamejifungia chumbani. Kwenye masafa ya mnara wote wanasikia: rubani aliye kilomita 80 anajua kuna ndege mbele yake inatua, anajua mwenzake ameripoti upepo mbaya, na mara nyingi yeye ndiye anayestuka wa kwanza mwongoza ndege akikosea. Nimewahi kusahihishwa hivyo na rubani ambaye sikuwa naongea naye. Ila baraza lina masharti yake. Anaongea mmoja kwa wakati, na anayebonyeza kitufe hasikii kitu mpaka akiachie. Tena ndege ya mwaka huu na ndege ya miaka 50 iliyopita lazima zisikilizane, ndiyo maana kubadili mfumo huu ni kazi ngumu kuliko mtu anavyodhani.

Sasa nikuambie jambo ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii. Watu wakisikia "matatizo ya mawasiliano" wanafikiria kimya. Kimya kina utaratibu wake, nitakueleza. Kilichoua watu wengi ni neno lililosikika nusu, au lililosikika lote likaeleweka vingine, na kila upande ukaamini kwamba umeelewana na mwenzake.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife. Bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, ndege nyingi zikahamishiwa hapo, na ukungu ukashuka. Boeing 747 ya KLM ilikuwa mwanzoni mwa barabara ya kurukia. Boeing 747 nyingine, ya Pan Am, ilikuwa bado inatembea kwenye barabara hiyo hiyo, ikitafuta njia ya kutokea. Mnara haukuziona, na wala zenyewe hazikuonana. Saa 11:06 jioni rubani msaidizi wa KLM, nahodha wake akiwa ameshaanza kuisogeza ndege, alitamka kwa Kiingereza maneno yaliyomaanisha "sasa tuko kwenye takeoff". Mwongoza ndege akaelewa kwamba wako tayari, wanasubiri. Akajibu "OK", akanyamaza kidogo, kisha akaendelea: subiri kibali cha kuruka, nitakuita. Katika sekunde zile zile rubani wa Pan Am naye akabonyeza, akasema bado wako barabarani.

Wote wawili walisema lililopaswa kusemwa, na kwa wakati. Lakini wameongea pamoja, na ndani ya chumba cha marubani wa KLM kilichofika wazi ni lile neno "OK". Yaliyofuata yalifunikwa na mluzi wa sekunde tatu nne hivi. Muda mfupi baadaye injinia wa ndege ya KLM alisikia kipande kingine cha mazungumzo, akauliza: kwani yule wa Pan Am hajatoka? Nahodha akamjibu kwa uhakika kwamba ametoka. Watu 583 walikufa. Waliopona ni 61, wote wa Pan Am.

Nimefundisha vijana tukio hili mara nyingi, na kila mara nawasimamisha kwenye "OK". Neno lile halikuwa kibali. Halikuwa kitu chochote. Lilikuwa pumzi ya mtu anayejiandaa kusema jambo. Baada ya Tenerife kanuni za lugha zilikazwa: neno "takeoff" likawa linatamkwa pale tu kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo utasikia "departure" tu, na neno lenyewe halitajwi hata kwa bahati mbaya.

Mfano wa pili hauzungumzwi sana, nami nauona unatisha zaidi kwa sababu hakukuwa na mluzi wala ukungu wa redio. Tarehe 19 Februari 1989, Boeing 747 ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa inashuka kuelekea Kuala Lumpur. Mwongoza ndege aliwaambia washuke hadi futi 2,400, akizitaja tarakimu moja moja kwa Kiingereza: mbili, nne, sifuri, sifuri. "Mbili" kwa Kiingereza inatamkwa sawa na "hadi". Marubani wakasikia "hadi nne sifuri sifuri", yaani futi 400, na wakajibu hivyo: sawa, nne sifuri sifuri. Jibu likapita bila kushikwa. Ndege iligonga kilima, na wanne wote waliokuwamo wakafa.

Ndiyo maana ukisikiliza tena yale mazungumzo mtandaoni utaona rubani anakariri kila namba aliyopewa. Wasioijua kazi wanadhani ni adabu. Kukariri ni nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ni mimi kuyasikiliza yale aliyokariri kwa masikio mapya, wala si kwa matumaini, maana ubongo uliokwisha kusema 2,400 unapenda sana kusikia 2,400. Hapo ndipo uchovu unapoua. Saa kumi za alfajiri, ndege sita kwenye masafa, unaanza kusikia unachotegemea. Hata tarakimu zina matamshi yake maalumu, tisa ya Kiingereza huongezewa silabi mwishoni ikawa "naina" isichanganywe na tano. Na rubani mwenye shida anatakiwa atamke "Mayday" mara tatu. Mwaka 1990 ndege ya Avianca iliyotoka Colombia ilizungushwa angani karibu na New York hadi mafuta yakaisha. Walisema mafuta yanawaishia, lakini hawakutamka neno la dharura, na kwa mwongoza ndege mwenye msongamano, kauli ile ilisikika kama za wengine wote waliokuwa wakisubiri. Watu 73 walikufa.

Kuna kero nyingine utaifurahia kama fundi: kitufe kilichoganda. Alasiri moja, katika uwanja ambao sitautaja, masafa yangu yalijaa ghafla mvumo wa injini, na juu yake mtu anamhadithia mwenzake bei ya mabati. Hakujua kwamba kitufe chake kimenasa. Kwa kuwa alikuwa anarusha mfululizo, hakuweza kunisikia nikimwita, na hakuna mwingine aliyeweza kupita. Nilikuwa na ndege nne. Nikahamia masafa ya akiba, nikaanza kuwaita mmoja mmoja, na wale wenye uzoefu walikuwa wameshahamia huko bila kuambiwa. Ilichukua dakika saba. Nazikumbuka zote saba. Redio nyingi za siku hizi hujikata zenyewe kitufe kikibanwa muda mrefu mno, na namshukuru aliyewaza hilo.

Umbali nao unasumbua. Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka, hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Ndege iliyo futi 35,000 inasikika hadi kilomita 400 na ushee kutoka kwenye antena. Ikiwa futi 1,000, kama kilomita 70, na mlima ukikaa katikati hata hizo huzipati. Kwa nchi kubwa kama yetu maana yake ni vituo vya redio juu ya vilele, umeme wa jua, betri, radi, nyoka ndani ya kibanda cha jenereta, na fundi mwenzako anayepanda huko mvua ikinyesha. Juu ya Bahari ya Hindi, kati ya pwani yetu na Mumbai, antena hakuna, kwa hiyo hutumika HF, mawimbi yanayodunda kwenye tabaka za juu za anga. Mchana unachagua masafa ya juu, usiku ya chini, na jua likichafuka unabaki unasikiliza kelele tupu. Ndege nyingi kubwa siku hizi huandikiana na vituo kwa ujumbe wa maandishi kupitia setilaiti, na huko baharini umepunguza sana kelele na makosa ya kusikia.

Barani Afrika marubani wana desturi ambayo naiheshimu sana. Kwa sababu ya sehemu pana zenye mawasiliano hafifu, wamewekewa masafa 126.9, na huko kila rubani hujitangaza kwa wenzake: mimi ni fulani, niko kimo hiki, njia hii, naelekea kule, muda huu. Hawasubiri mnara. Wanapeana habari wenyewe, usiku kucha, juu ya misitu ya Kongo.

Halafu kuna mitambo yenyewe. Hii ya Los Angeles itakuchekesha, kisha itakukosesha usingizi. Tarehe 14 Septemba 2004, kama saa 11 jioni, kituo cha Palmdale kinachoongoza anga la kusini mwa California kilipoteza redio zote. Ndege takriban 800 ziliathirika. Rada ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo waongoza ndege walikuwa wanaona alama zinasogeleana kwenye kioo na hawana mdomo wa kuzionya. Walichukua simu zao za mkononi wakapigia vituo vya jirani: hamisheni ndege fulani, ile pale inamkaribia. Katika matukio yasiyopungua matano ndege zilisogeleana kuliko inavyoruhusiwa.

Chanzo ni kitu unachokifanya kila siku. Kompyuta ya mfumo wa sauti ilikuwa na kaunta inayohesabu kurudi nyuma kwa milisekunde, ikianzia namba kubwa kabisa inayoingia kwenye biti 32, yaani 4,294,967,295. Piga hesabu, ni siku 49.7. Ikifika sifuri mfumo unajizima. Ilijulikana, na dawa ilikuwa kuzima na kuwasha upya kila siku 30. Safari hiyo haikufanyika. Mfumo wa akiba ukawashwa, nao ukaanguka muda mfupi baadaye. Mimi simlaumu fundi wa zamu peke yake. Usalama wa ndege 800 ulikuwa umefungwa kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja na tarehe ya kalenda, na aliyeupanga hivyo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Wala usidhani hayo ni ya zamani. Tarehe 28 Aprili 2025 waongoza ndege wa Philadelphia wanaoshughulikia uwanja wa Newark walipoteza rada na redio kwa muda usiozidi dakika moja na nusu, na laini kuukuu za mawasiliano za waya wa shaba zilitajwa miongoni mwa sababu. Baadhi yao walichukua likizo ya mshtuko baada ya hapo. Nawaelewa kabisa.

Sasa dada yako.

Redio ikinyamaza, rubani kwanza anaangalia vitu vidogo: sauti imepunguzwa, plagi ya hedifoni imelegea, au yuko kwenye masafa yasiyo yake. Hilo la mwisho ndilo la kawaida kuliko yote: ameambiwa ahamie masafa mengine, akageuza tarakimu moja vibaya. Anarudi kwenye masafa ya awali, au anajaribu 121.5 ambayo ni ya dharura. Ikishindikana anaweka namba 7600, maana yake redio imekufa, kwenye transponda, kifaa cha ndege kinachoijibu rada, na kwenye kioo cha rada alama yake inaanza kupiga kelele kwa niaba yake. Mimi nami najaribu: kama unanisikia, geuka kushoto nyuzi 30. Nikiona alama inageuka, najua masikio yapo, mdomo tu ndio umekufa, na kazi inaendelea.

Kama hanisikii na hali ya hewa ni wazi, kama ilivyo siku nyingi kwenye njia ya Mafia, anaendelea kwa macho hadi uwanja wa karibu unaofaa, anatua. Akiwa ndani ya mawingu, anashika kimo na mwendo aliopewa mwisho kwa dakika 7 penye rada, au 20 pasipo na rada, kisha anafuata mpango wa safari aliouwasilisha kabla ya kuruka. Mimi ninao mpango huo mbele yangu. Najua atapita wapi na atafika saa ngapi, nawaondoa wengine njiani.

Na kuna taa. Kila mnara unayo, inaning'inia kwenye dari kama bunduki nene, ina kioo cha kulengea juu yake. Nimeitumia kwa dhati mara moja. Cessna ya injini moja ilitokea upande wa porini, kimya, ikazunguka uwanja kwa kimo cha kawaida. Niliita mara tatu. Ikazunguka tena, safari hii karibu zaidi na mnara. Kwanza nikamlenga kwa nyekundu isiyomemetameta, maana yake mpishe mwenzako, endelea kuzunguka, kwa kuwa kulikuwa na ndege inatua. Barabara ilipokuwa tupu nikageuza kuwa kijani, bila kumemetesha: ruhusa ya kutua. Mkono ulikuwa unanitetemeka, taa ile ni nzito na lazima uishikilie juu yake anaposogea. Kisha nikaona mabawa yanainama kushoto, kulia, kushoto. Ameona. Kosa lilikuwa altaneta, umeme wote ulikuwa umekwisha, na abiria wake wanne walidhani ameyayumbisha mabawa ili kuwasalimia watu wa mnarani.

Nimalizie na hiyo transmita iliyo mezani kwako, maana imenikaa moyoni tangu nisome barua yako. Ikiwa na sauti safi haina maana kwamba ni safi. Amplifaya iliyoanza kujitetemesha yenyewe inatupa mawimbi mahali popote, na msikilizaji wa taarabu hatajua. Tena minara miwili ya FM ikikaa karibu, mawimbi yake huchanganyika. Namba za mfano tu: 106.0 mara mbili, toa 90.5, unapata 121.5, masafa ya dharura yenyewe. Na kuanzia 108 hadi 112 ndipo ulipo mwale unaoielekeza ndege kwenye katikati ya barabara inapotua ndani ya mawingu. Nimesikia mahubiri na nimesikia dansi kwenye masafa ya mnara, kwa masikio haya.

Kabla hujamrudishia mwenyewe, toa antena, funga mzigo wa omu 50, washa kwa nguvu kamili, iache ipate moto nusu saa, ndipo uangalie kuanzia 108 hadi 137. Kama huna kipima spektra, kifaa kidogo cha USB cha kupokelea redio kwenye kompyuta kitakuonyesha, ila kiwekee kwanza atenueta, yaani kipunguza nguvu ya mawimbi, la sivyo kitalemewa na kukuonyesha mawimbi yasiyokuwepo. Na umwambie anunue kichujio kinachopitisha masafa ya kituo chake peke yake. Akilalamikia bei, mwambie kuhusu dada yako.